Ernesta wa Mgahawa wa Dakika Ishirini

Ernesta Mbwambo alipewa kazi kwa sababu ya mikono yake. Mwaka 1969, shirika la umma lilipofungua mgahawa pale Same kando ya barabara ya Moshi, walijitokeza wanawake kumi na wawili kuomba nafasi nne. Kila mmoja aliambiwa abebe sahani za makande kutoka dirisha la jikoni mpaka meza ya mwisho. Wengine walibeba mbili mbili, wakinyata kama waliobeba mayai. Ernesta akapanga tano, mbili kila mkono na moja juu ya kigasha, akaenda kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuteremka mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Hata punje moja haikudondoka.

Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita, na tayari alikuwa mjane. Alizaliwa Kilomeni, huko juu kwenye baridi, akaolewa na fundi wa reli aliyeitwa Benedikto, wakapanga vyumba viwili Same mjini. Miaka mitatu tu, homa ya matumbo ikamchukua Benedikto. Mtoto hawakujaliwa. Kaka zake walishuka kumwambia arudi nyumbani. Akawajibu kwamba atarudi, ila si sasa. Hakujua alikuwa anangoja nini. Mgahawa ulimkuta katika kungoja huko.

Shirika lilikuwa na migahawa mingine mitatu: Korogwe, Mombo na Moshi. Yote ilijengwa kwa ramani moja na kupakwa rangi moja, meza za buluu na kuta nyeupe, hata msafiri aliyesinzia toka Korogwe angeweza kuamka Same akadhani basi halijatoka. Mabasi yalisimama dakika ishirini. Katika dakika hizo watu arobaini walitakiwa wanawe, wale, wanywe chai, waende uani, na warudi vitini kabla dereva hajapiga honi mara ya tatu. Ndiyo maana vyakula vilikuwa vile vya kuchota na kupakua: makande yaliyoinjikwa alfajiri, wali kwa maharage, maandazi, chai ya maziwa.

Kufundisha kazi alikuja dada mmoja kutoka makao makuu, Honorata, aliyevaa saa ya mkononi na viatu visivyopata vumbi. Alitundika ukutani ubao wa Ahadi Nne za Mgahawa, akawakaririsha wahudumu kama wanafunzi wa katekisimu. Tabasamu kabla ya salamu. Sahani mezani kabla msafiri hajakauka mikono. Abiria asiondoke na njaa. Kila atokaye aambiwe "karibu tena".

"Ndugu zangu," alisema Honorata, "zamani aliyekula hotelini alikuwa bwana, na aliyemhudumia alikuwa boi. Sasa anayekula ni mwananchi na anayepakua ni mwananchi. Unapomchekea mteja hujidhalilishi. Unaijenga nchi."

Maneno hayo yalimwingia Ernesta. Aliyaamini kwa moyo wake wote, na jambo hilo ni la kumheshimia. Alijifunza kutabasamu hata jino likimuuma. Alijua abiria wa Arusha hupenda chai yenye tangawizi na wale wa Tanga hupenda pilipili pembeni. Akina mama wenye watoto wachanga aliwakalisha karibu na dirisha. Kila mwaka shirika lilitoa kibendera kwa mgahawa wenye huduma bora, na kwa miaka mitatu mfululizo kibendera kile kilipepea Same. Meneja wao, Eliamini, mtu mwembamba mwenye haya ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu Ernesta ndiye mgahawa wenyewe. Sisi wengine ni kuta."

Maziwa ya ile chai yaliletwa na Naisula.

Naisula alikuwa mwanamke wa Kimasai, rika moja na Ernesta au alimzidi kidogo. Boma lao lilikuwa upande wa pili wa reli, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila asubuhi alifika mlango wa jikoni na vibuyu viwili vya maziwa, na baadaye akawa anafika na vibuyu viwili na mtoto mgongoni, kitindamimba wake Nashilu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kimasai cha Ernesta kidogo zaidi. Lakini mwanamke akimkuta mwenziwe wa kukaa naye kimya, lugha si kitu. Tomaso mpishi, Mngoni aliyekuja kukata mkonge kwenye shamba la Bendera akaishia kwenye masufuria, alikuwa akiwapisha kwenye benchi lake la kumenyea vitunguu. Ernesta alimpakulia Naisula ukoko wa makande, na Naisula alimwachia kikombe cha maziwa yaliyoganda, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Nashilu alijifunza kutembea pale jikoni, akijishikilia kwenye magunia ya maharage. Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "moto".

Siku moja Naisula alichungulia kwenye chumba cha kulia, akamwona Ernesta akipita baina ya meza. Aliporudi jikoni alimwuliza, "Wale watu ni ndugu zako?"

"Hapana. Abiria tu. Siwajui."

"Kwa nini unawachekea wote?"

"Ndiyo kazi yangu."

Naisula akafikiri. "Mimi nikija hunichekei."

"Wewe si mgeni," Ernesta alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Tomaso akageuka kutazama kama kuna kitu kimeungua.

Vuli ya mwaka 1973 ilikuwa haba. Masika yaliyofuata yakapita bila kulowesha vumbi. Kufikia mwisho wa 1974 njaa ilikuwa imeingia kila nyumba tambarare yote, na hata milimani watu walikuwa wakipima maharage kwa viganja. Redio ilihimiza kilimo cha kufa na kupona. Madukani ukaja unga wa njano kutoka ng'ambo, ule watu waliouita unga wa Yanga, nao ulipatikana kwa foleni. Ng'ombe wa kina Naisula walianza kuanguka mmoja mmoja. Vibuyu viwili vikawa kimoja, kimoja kikawa nusu, na asubuhi moja mwezi wa Novemba Naisula alikuja mikono mitupu. Alikuja kuaga. Ukoo wote ulikuwa unahamia mbali zaidi, kuelekea mto Ruvu, ambako labda maji yalikuwapo.

"Mvua ikirudi nitarudi," alisema.

Ernesta alimfungia maandazi kwenye gazeti. Nashilu alikuwa na miaka mitatu, na tayari mikono yake ilikuwa myembamba.

Mwezi wa Januari ikaja barua kutoka makao makuu. Chakula cha migahawa kilitolewa kwa kibali maalumu, kwa ajili ya wasafiri peke yao. Asihudumiwe mtu asiye na tiketi ya basi. Chakula kisitolewe mlango wa nyuma, kiwe kizima au makombo. Eliamini aliisoma barua hiyo mbele ya wahudumu.

"Huko Mombo mpishi mmoja amefukuzwa kwa sufuria ya ukoko," alisema. "Mimi nina watoto sita. Nawaomba, ndugu zangu. Nawaomba."

Hapo ndipo Ernesta alipojifunza matumizi mengine ya tabasamu. Watu walianza kufika mlangoni: wazee wa mjini, vibarua wa mkonge waliosimamishwa kazi, wanawake wenye watoto. Wahudumu wenzake walishindwa; mmoja alilia, mwingine aliwafokea kwa kuwa hakujua afanye nini na huruma yake. Ernesta ndiye aliyeweza. Alisimama mlangoni akasema kwa upole, "Samahani sana, leo tunahudumia abiria tu. Karibu tena." Watu waliondoka bila ugomvi. Wengine walimshukuru. Nyumbani aligawa alichokuwa nacho kwa majirani, kisha akalala akiwaza kwamba haya yatapita, na kwamba ametenda kadiri alivyoweza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Honorata alikuwa amekuja kukagua kwa ajili ya kibendera. Alikaa meza ya pembeni na daftari mapajani. Basi la kutoka Tanga lilikuwa limeingia limejaa, na lilikuwa limechelewa, kwa hiyo dereva alisema dakika kumi na tano tu. Ernesta alikuwa na sahani tano mikononi alipoona mtu amesimama kwenye mlango wa mbele. Hakumtambua mara moja. Shanga zilikuwa zilezile, lakini shingo iliyozivaa ilikuwa imebaki mishipa. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyefunikwa shuka, kichwa kimelala begani.

Ni Naisula. Kwa miaka yote hakuwahi kupita mlango wa mbele. Labda alikuta ule wa nyuma umefungwa, maana siku hizo ulifungwa kwa komeo. Labda hakuwa na nguvu za kuzunguka nyumba.

"Ernesta," alisema. "Uji."

Neno moja tu. Abiria waligeuka. Honorata aliinua macho kutoka kwenye daftari. Kule dirishani Eliamini alisimama na funguo mkononi, uso umemsawijika.

Baadaye Ernesta alitumia miaka kuitafakari nafasi ile, na kila mara aliona jinsi ilivyokuwa pana. Angeweza kusema, "Ningoje uani." Angeweza kumkonyeza. Angeweza kuweka sahani moja chini, ile iliyokuwa juu ya kigasha, na pengine lisingetokea lolote. Lakini mwili wake ulikuwa umefunzwa. Mdomo ulifunguka wenyewe, mashavu yakapanda yenyewe.

"Samahani sana, mama. Leo tunahudumia abiria tu. Karibu tena."

Alimwita mama, kama mtu asiyemjua jina.

Naisula hakukasirika. Alimtazama usoni, taratibu, kama mtu anayetafuta njia aliyoizoea akakuta pori limeifunika. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Umenichekea."

Akageuka, akatoka juani.

Ernesta aligawa sahani zile tano. Aligawa nyingine, akamimina chai, akapokea vikombe. Alijiambia: basi likitoka tu. Honi ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi lilipoondoka aliingia jikoni, akachota uji kwenye bakuli mbele ya macho ya Tomaso, akafungua komeo la mlango wa nyuma, akatoka. Uani hapakuwa na mtu. Alizunguka mpaka barabarani. Aliwauliza wauza kahawa, akaenda hadi relini na bakuli mkononi, uji ukimwagikia vidole. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na upande wa tambarare hapakuonekana kitu isipokuwa mavumbi yanayozunguka.

Aliporudi, Honorata alimsubiri mlangoni. Ernesta alidhani ameonekana na lile bakuli. Lakini yule dada alimshika mkono.

"Nimekuona na yule mama," alisema. "Bila makelele, bila kumvunjia heshima. Nimefundisha watu miaka sita, sijaona aliyeelewa kama wewe."

"Ni rafiki yangu," Ernesta alisema.

Honorata hakuelewa, au hakusikia. Gari lake lilikuwa linawaka tayari.

Siku mbili Ernesta aliuliza kila aliyepita kutoka upande wa Ruvu. Ijumaa asubuhi alimwendea Eliamini akaomba ruhusa. Eliamini alisema haiwezekani, mabasi matatu yanatarajiwa. Ernesta akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya meneja.

"Basi nifukuze, ndugu Meneja," alisema. "Mimi nakwenda."

Alifunga unga wake wote wa foleni kwenye kanga, akavuka reli. Boma la zamani alilikuta tupu, miiba ya zizi imeanguka. Akaendelea. Jua lilimpiga toka utosini mpaka visiginoni, na njiani alipita mizoga ya ng'ombe iliyokauka hata fisi hawakuitaka. Alasiri aliwapata: vibanda sita karibu na mkondo mwembamba wa maji, na mbuzi wachache waliobaki ngozi na pembe.

Aliyempokea ni Stefani, shemeji yake Naisula, aliyesoma misheni na kujua Kiswahili vizuri. Alimpa maji. Ernesta aliyanywa yote kabla ya kusema.

"Nimekuja kumwona Naisula. Na Nashilu. Nashilu yuko wapi?"

Stefani aliinua mkono haraka, kama anayemziba mtu mdomo kwa mbali.

"Usilitaje hilo jina, dada," alisema. "Kwetu jina la aliyeondoka halitajwi."

Ernesta alikaa chini, pale pale alipokuwa.

Stefani alimsimulia bila kumlaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mtoto aliumwa wiki nzima, tumbo na homa. Wanaume walikuwa mbali na wale ng'ombe wa mwisho. Naisula alisema anakwenda Same, kwa rafiki yake mwenye jiko kubwa. Aliondoka jogoo la kwanza. Alirudi kesho yake asubuhi, mtoto bado yuko mgongoni, lakini alikwisha kufa tangu jana yake jioni, kwenye kijito kikavu cha njiani.

"Bakuli moja la uji lingemwokoa?" Ernesta aliuliza.

Stefani alichora mstari mchangani kwa fimbo. "Pengine lisingemwokoa. Alikuwa mgonjwa sana. Pengine lingemwokoa." Akaufuta ule mstari kwa mguu. "Mungu peke yake ndiye ajuaye, dada yangu. Usiniulize mimi."

Naisula alikuwa ndani ya kibanda. Alikuwa amenyoa nywele na kuvua shanga zote. Ernesta aliingia akapiga magoti. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, ya Kiswahili na yale machache ya Kimasai, lakini yote yalimpotea, akabaki na moja tu, "Nisamehe." Alilirudia mara nyingi. Naisula alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe, akiugeuza huku na huku. Hakumfukuza. Ernesta alipoona hapati jibu alitoka, akakoka moto, akapika uji kwa unga aliokuja nao, akawanywesha watoto wa pale, tisa kwa hesabu. Bakuli la kumi alimpelekea Naisula. Alipolirudia baadaye lilikuwa tupu, naye hakujua kama Naisula alikunywa au alimpa mwingine. Alikaa siku mbili mpaka unga ukaisha.

Alirudi Same akijua hana kazi. Kumbe Eliamini aliandika kwenye kitabu cha mahudhurio kwamba Ernesta ni mgonjwa. "Na nilivyokuona ulivyotoka," alimwambia bila kumtazama, "sikuandika uongo." Mtu yule alikuwa mwoga, lakini hakuwa mbaya. Kibendera kilikuja tena Same mwaka ule, pamoja na barua ya kumpandisha cheo Ernesta awe mfunzi wa wahudumu wapya wa migahawa yote minne.

Alikwenda Korogwe kufundisha, mara moja tu. Wasichana wanane walikaa mbele yake, wamevaa aproni mpya. Aliwaonyesha namna ya kubeba sahani tano. Aliwaonyesha namna ya kumimina chai bila kumwaga kwenye kisosi. Ilipofika ile ahadi ya kwanza, ya tabasamu, alisimama mbele ya ubao, akajaribu kuwaonyesha, na uso ukakataa. Wasichana walingoja. Mmoja wao, Lukia, aliinuka akamletea maji.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi," alisema. "Sikilizeni. Mtu akija mlangoni, kwanza mtazameni ni nani. Mengine yatafuata."

Halikuwa somo la shirika. Siku iliyofuata alipanda basi kurudi Same, akamwomba Eliamini amwondoe chumba cha kulia, amweke kwenye kuosha vyombo. Eliamini alimsihi, akaona haisaidii kitu. Akaosha vyombo miaka minne. Abiria wa zamani walimwulizia. Waliambiwa yupo nyuma. Sahani zake zilikuwa safi kupita kiasi, na Tomaso alisema mara nyingine alimkuta akiisugua moja kwa muda ambao angemaliza kumi.

Kanisani hakuacha kwenda. Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alipeleka majina ya kusomwa: Benedikto mumewe, baba yake, na la tatu. Padre alimwuliza huyu wa tatu ni Mkristo?

"Hapana, Baba. Ni mtoto."

Padre alilisoma. Huko kwa kina Naisula hakuna aliyelitaja, na Ernesta alihofu kwamba kwa kulisomesha anawakosea kwa mara ya pili. Lakini aliona vibaya zaidi kulinyamazia, na hakupata mtu wa kumwuliza lipi ni sahihi.

Mwaka 1979 mabasi yalianza kusimama kwingine, na shirika likaufunga mgahawa. Ernesta alifunga virago vyake kurudi Kilomeni, kwa kaka zake waliomwita miaka kumi na zaidi iliyopita. Siku ya kuondoka alipita sokoni kununua chumvi. Mvua za masika zilikuwa nzuri mwaka ule. Kwenye safu ya wauza maziwa alimwona Naisula, amekaa na vibuyu viwili mbele yake. Alikuwa amevaa shanga. Nywele za mbele zilikuwa zimeanza kuwa na mvi.

Miguu ya Ernesta ilimpeleka kabla hajaamua.

"Takwenya," alimsalimu, kwa Kimasai kilekile kidogo.

"Iko," Naisula aliitikia.

Watu walipita kati yao wakiuliza bei. Naisula alimimina maziwa kwenye chupa ya mteja mmoja, akafunga kibuyu, akafuta kifuniko chake cha ngozi kwa majani.

"Huko kwenu milimani mvua imenyesha?" aliuliza.

"Nasikia imenyesha. Ndiko ninakokwenda leo. Sirudi tena mjini."

"Na kwetu imenyesha," Naisula alisema. "Majani yamefika magotini. Ng'ombe wamezaa."

"Nimefurahi kusikia."

Ernesta alitaka kusema zaidi, na Naisula aliliona hilo. Akatikisa kichwa, polepole, mara moja tu. Halikuwa katazo la hasira. Kisha akakitwaa kikombe cha bati, akakijaza maziwa, akamnyooshea. Ernesta aliyanywa akiwa amesimama, machozi yakimtoka bila sauti, na Naisula alitazama pembeni, kwenye milima, mpaka alipomaliza. Alikirudisha kikombe kwa mikono miwili.

Gari la Kilomeni liliondoka saa nane, na Ernesta alikaa nyuma, juu ya gunia la chumvi ya watu.